Musambi Huyu ni wa Nani?

Birere, Goma
Jumapili, 22 Agosti 1954

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima na mapendo mengi. Nasali barua hii ikukute mzima wa mwili na wa roho, na baridi ya Kirolirwe isiwe imekurudia magotini. Nakusalimu na wewe, dada yangu Dancille, unayemsomea Mama maneno haya. Najua umekaa mkekani, mgongo ukutani na tumbo limekutangulia, na Hitimana anakukataza kuinua hata kikombe. Msalimu sana huyo shemeji. Mtoto akifika, tuleteeni habari kwa kamyo ya kwanza, hata kama imebeba makabichi tu. Huku Papa ni mzima, kikohozi kimemwacha. Mimi mwili ni mzima, lakini moyo hauna pa kukaa. Tangu tulipotoka Misa nikikaa nasimama, nikisimama naenda mlangoni, na huko mlangoni hakuna ninachokitazama. Dancille, ukiona mwandiko unapanda na kushuka, usiwaambie masista waliotufundisha.

Kabla ya yote, Mama, musambi wako yupo. Nalisema hili mwanzoni ili usisikilize barua nzima huku umeshika kifua. Yupo uani, ndege wetu, anakula mtama wake, taji lake la dhahabu limesimama vizuri, na sasa hivi anapiga miguu chini kuwashtua wadudu kama kawaida yake. Ila tangu uondoke hatulii. Anatoka ukuta wa mawe anakwenda jikoni, anatoka jikoni anarudi ukutani, na akisikia kamyo inapita barabarani anainua shingo na kulia mpaka majirani wananung'unika. Mimi namwambia tuko wawili.

Habari yenyewe inamhusu yeye, na ni ndefu kidogo.

Wiki ileile uliyopanda kamyo ya Julien, mjumbe wa chifu alisimama nje ya kanisa akatangaza amri. Sheria yenyewe, alisema, ni ya zamani, lakini Ajenti mpya wa teritwari ameikuta imelala akaona ni vema aiamshe. Kila anayefuga mnyama au ndege wa porini, awe kasuku, tumbili, swala au musambi, aende biro kuomba ruhusa yenye mhuri, ile wanayoiita permi. Asiye nayo atanyang'anywa mnyama, na mwenyewe atalipa amande au ataingia buloko. Ungeiona Birere siku ile, Mama. Munyaneza fundi viatu alimficha tumbili wake ndani ya kikapu cha maharagwe, na alipokuja kumtoa, maharagwe hayakuwepo. Jirani yetu Marie-Claire alikwenda kumwuliza mjumbe kama paka anayeiba samaki si mnyama wa porini pia, maana angefurahi achukuliwe. Tulicheka sana. Kumbe zamu yetu ilikuwa nyuma.

Papa hakutaka maneno mengi na serikali. Alivaa koti lake la Pasaka, mimi nikamfuata kwa sababu Kifaransa changu kinazidi chake, na tukapanga foleni pale biro. Mbele yetu alikuwepo bibi mmoja Mzungu aliyempakata sokwe mtoto, amemvalisha kofia ya kufuma kama mtoto mchanga anayepelekwa ubatizo. Bibi alipewa kiti, na sokwe akapewa kiti chake. Papa alisimama. Sikusema neno, lakini unajua uso wangu haujui kunyamaza, Papa akanikanyaga mguu.

Zamu yetu ilipofika, Ajenti aliuliza kwa Kifaransa na karani wake akatafsiri. Karani huyo anaitwa Paulin, Munande wa kutoka Butembo, kijana mpole ambaye huandika kile anachoambiwa na hana neno la kuongeza. Aliuliza ndege ni wa nani. Papa akavua kofia, akajibu kwa sauti ya heshima kabisa:

"Huyu musambi ni wa muzee Sebahire, wa Kibumba."

Mimi nilikuwa pembeni yake, Mama, na nilitikisa kichwa kukubali. Wala sikuona kosa. Kwetu mtu aliyepewa hasimami mbele ya watu akasema "changu". Humtaja aliyempa. Sebahire ndiye aliyempa Papa ng'ombe wa kwanza mwaka tulipofika Kibumba mikono mitupu, na ndiye aliyekuletea wewe musambi huyu angali kifaranga, ili ua wetu usiwe kimya. Papa akiapa husema "Sebahire aliyenipa ng'ombe". Wewe ukiapa humtaja yeye na musambi wake, hata kama jambo lenyewe ni chumvi iliyozidi. Basi Papa angejibu vipi tena? Angesema "wangu" angerudi nyumbani na aibu ya mtu asiye na shukrani. Lakini Paulin ni Munande, kwao jibu ni jibu. Akaandika: mwenye ndege, Sebahire, anakaa Kibumba. Ajenti akapiga mhuri. Tukarudi tumefurahi, Papa akaitundika permi ukutani karibu na picha ya Bikira Maria, na kila mgeni akaonyeshwa.

Juzi juzi Ajenti akaanza kuzunguka na askari kuwakagua wanyama walioandikwa. Hakuja Birere. Alikwenda Kibumba, kwa Sebahire, kama karatasi ilivyomwelekeza. Akataka kumwona musambi. Muzee wa watu, ambaye hakujua lolote, alimjibu kwa furaha kwamba musambi yule alikwisha kumpa zamani mke wa Habarurema, yaani wewe, mke wa Papa. Ndipo mambo yakaharibika. Ajenti alisikia kwamba mtu huyu ameomba ruhusa mwezi huu, na mwezi huuhuu amemtoa ndege bila idhini, labda amemwuza kwa wafanyabiashara wanaowasafirisha wanyama Ulaya, maana inasemekana wapo. Akamwambia alete ndege biro Jumamosi asubuhi au aje na blanketi yake ya kulalia buloko.

Alhamisi Sebahire alifika hapa kwa miguu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilijua tu kuna jambo. Mama, hakulalamika hata kidogo. Alisalimia, akauliza habari zako na za Dancille, akanywa pombe ya mtama aliyopewa, akamtazama musambi akicheza uani, akauliza kama ni kweli alivyosikia, kwamba ndege umemwahidi mtoto wa Dancille, siku ya kupewa jina apelekwe Kirolirwe akasimame katika ua wake. Papa akajibu kwamba ni kweli, wewe mwenyewe ulisema hivyo ukiwa na mkono juu ya mgongo wa ndege kabla hujaondoka. Sebahire alifurahi. Alisema zawadi inayotembea hivyo haizeeki. Ndipo, kama mtu anayekumbuka kwamba ameacha mlango wazi, akatueleza habari ya Ajenti na buloko.

Papa alisimama akakaa. Alisema basi musambi arudi Kibumba leo hii, awekwe katika ua wa Sebahire, Ajenti amwone na mambo yaishe. Sebahire akakataa. Alisema yeye hajawahi kula matapishi yake, na kwamba akirudisha kwake alichokitoa watu wa Kibumba watamwulizaje hali. Papa akasema hawezi kumwacha aliyempa ng'ombe afungwe. Sebahire akasema buloko si kaburi, atakwenda, atakaa, atatoka. Papa akasema haiwezekani. Sebahire akamwambia anywe kidogo kwanza. Na hivyo ndivyo walivyoendelea, Mama, kila mmoja akimsihi mwenzake akubali kupata hasara kidogo, kwa adabu, kwa sauti ndogo, wakipokezana mrija uleule. Husemwa penye wazee haliharibiki neno. Mimi niliwaona wawili, na neno linaharibika mbele ya macho yangu, na hakuna aliyekuwa na haraka isipokuwa mimi na ndege.

Niliwaacha, nikaenda kumtafuta Paulin karibu na kambi ya Katindo, anakopanga chumba. Nilimweleza yote. Alisikitika kweli, alishika kichwa. Alisema angejua desturi yetu angeuliza swali mara ya pili. Lakini sasa dawa ni moja: mtu anayekaa na ndege, anayemlisha, aje Jumamosi mbele ya Ajenti, aseme kwa kinywa chake kwamba ndege ni wake na si wa Sebahire, na aeleze alimpata wapi. Akifanya hivyo, permi ya kwanza itafutwa, nyingine itaandikwa, na muzee ataenda zake.

Nilirudi mbio nikamwambia Papa. Nilidhani nimeleta ukombozi. Papa akasema:

"Mutoto wangu, unataka nisimame mbele ya Muzungu, Sebahire iko pale anasikia, niseme hii kitu haikutoka kwake? Mi sitamukana mutu mwenye alinipa. Bora banifunge miye."

Nilimwambia hatamkana, ni maneno ya biro tu. Akasema hana maneno ya biro na maneno ya nyumbani, ana kinywa kimoja. Nilikasirika, Mama, sitakudanganya, nikaenda kuosha sufuria zilizokuwa safi.

Jana Jumamosi tulikwenda sote. Papa na koti la Pasaka, Sebahire na blanketi yake begani imekunjwa vizuri, mimi nimempakata musambi, nimemfunika kichwa kwa kitambaa changu ili asiogope. Moyo wake ulikuwa unapiga kwenye mkono wangu, na wangu sijui ulikuwa wapi. Wafungwa walikuwa wakifagia mbele ya biro na shati zao za mistari. Sebahire aliwasalimia mmoja mmoja, kama mtu anayehamia kwa majirani wapya.

Ajenti si mtu mbaya kwa sura. Ni kijana, amechomwa na jua, naye alionekana anataka tu karatasi zake zikubaliane. Aliuliza tena, Paulin akatafsiri, na safari hii Paulin aliuliza polepole, akinitazama mimi. Ndege huyu ni wa nani? Sebahire alitazama chini. Hawezi kusema "wangu", alikwisha kumtoa. Papa alitazama ukutani. Hawezi kusema "wangu", kuna aliyempa. Ajenti akaanza kugonga meza kwa kalamu. Askari mlangoni akasogea hatua moja kumwelekea Sebahire, akaichukua blanketi begani mwake ili amsaidie kuibeba.

Nikasema:

"Musambi ni wangu. Mama yangu alinipa."

Papa aligeuka. Sijawahi kumwona akigeuka hivyo. Ajenti aliuliza kama ni kweli, na hakumwuliza Papa, alimwuliza Sebahire. Muzee alinitazama, Mama, mtu yuleyule aliyesikia kwa masikio yake Alhamisi kwamba ndege ni wa mtoto wa Dancille. Alinitazama mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Kisha akasema kwa utaratibu:

"Kama mama yake alimupatia, basi ni yake."

Hakudanganya. Tazama hayo maneno vizuri, utaona hakudanganya hata kidogo. Aliyedanganya ni mmoja tu katika chumba kile. Paulin akaifuta permi ya Papa, akaandika nyingine: mwenye ndege, Nyirakamana Henriette, Birere, amepewa na mama yake Mukamugema. Ajenti akapiga mhuri, ila akaongeza sharti. Wewe utakaporudi utafika biro uthibitishe kwa kinywa chako. Usipothibitisha, ndege atachukuliwa, na mimi nitajibu. Sebahire alirudishiwa blanketi yake.

Tulipofika njia panda ya kwenda Kibumba, Sebahire alimuaga Papa, kisha akaniita pembeni akaniuliza kwa upole mama yangu alinipa siku gani. Nilimfunika musambi upya kwa kitambaa, kama niliyekuwa na kazi hiyo tu. Muzee akanishika kichwa kama anavyoshikwa mtoto anayebarikiwa, akaenda. Papa tangu jana anakula ninachopika, anasema asante, lakini hanitazami usoni. Nimemwokoa rafiki yake, nimemwibia mke wake. Najua ndivyo anavyofikiri, maana na mimi nafikiri hivyohivyo.

Nimetoka kidogo mlangoni, nimerudi. Sasa yale magumu.

Dancille, hapa usiruke mstari, na usilainishe neno. Msomee Mama kama lilivyoandikwa, na wewe usikie.

Mama, ningeweza kukwambia kwamba nilisema uongo ule kwa ajili ya Sebahire, na usingekuwa uongo mwingine. Lakini si kweli yote. Niliposikia Paulin akilisoma jina langu na la musambi pamoja, nilisikia utamu. Mbele ya Papa, mbele ya muzee wa watu na blanketi yake, nilisikia utamu mpaka machozi yakanilenga. Kwa sababu mimi ndiye ninayemlisha, Mama. Mimi ndiye niliyelala naye jikoni alipovunjika kidole. Akiniona anacheza, na hachezi kwa mtu mwingine isipokuwa wewe. Siku ile uliyomwekea mkono mgongoni ukamwahidi mtoto wa Dancille, nilikuwa nimesimama na bakuli la mtama wake mkononi, na nyote mlinipita kwa macho kama mnavyopita nguzo ya nyumba. Nilikwenda kuchota maji. Papa ana Sebahire wa kuapia. Wewe unaye. Dancille alipoolewa Papa alimpa ndama, leo akiapa anamtaja Papa, na sauti yake inajaa. Mimi nikitaka kuapa naapa kwa Mungu tu, kama mtu asiye na watu. Wivu ni kitu kibaya, masista walinifundisha, na mimi ninao, nakwambia wazi ili usiusikie kwa wengine.

Basi naomba. Sikuombi uje ukaseme uongo biro, kinywa chako nakiheshimu kuliko ngozi yangu. Naomba unipe kwanza. Unipe kweli, kwa maneno, Dancille akiwa shahidi. Ukinipa, siku utakayosimama mbele ya Ajenti utasema kweli tupu. Na ukiona ahadi ya mtoto haivunjwi, sitakulaumu. Nitakwenda kwa Paulin mimi mwenyewe, nitasema nilidanganya, wafanye wanachofanya na mimi, na musambi waende naye. Nimekwisha kulifikiria hilo, na linanitisha, lakini nitalifanya.

Na wewe dada yangu. Yule aliye tumboni hajui bado kwamba alikuwa na musambi, lakini wewe unajua, na wewe ndiye unayeshika karatasi hii. Mama hajui kusoma. Ungeweza kuliruka ombi langu lote ukamsomea salamu tu, na mimi nisingejua kamwe. Ndiyo maana nakuomba wewe kabla yake. Ukifika hapa na umesoma yote kwa sauti, basi umekwisha kunipa sehemu yako, na jina la kwanza nitakaloapia litakuwa lako, hata Mama akikataa.

Julien, anayewaletea barua hii, anapita tena Kirolirwe Jumatano kurudi Goma. Sitaki barua, wino unachelewa. Mwambieni ndiyo au hapana, nami nitakuwa barabarani namngoja, maana ndani sitaweza kukaa.

Msalimieni Hitimana, na mama mkwe, na watoto wote wa ua. Marie-Claire anawasalimu, paka wake bado yupo. Papa hajui kwamba naandika, lakini angejua angetuma salamu zake kwako, Mama, na angeuliza magoti. Mungu awalinde usiku na mchana, na amlete mtoto salama.

Nabaki binti yako na mdogo wako mwenye mapendo,

Nyirakamana Henriette,
ambaye hajapewa bado